Öcalan mjini Nairobi, Februari 1999: kisa cha kukabidhiwa bila hakimu

Jumatatu tarehe 15 Februari 1999, majira ya saa mbili usiku, Abdullah Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi wa Uturuki, alipandishwa ndege ndogo katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Nairobi, saa chache tu baada ya wenyeji wake wa ubalozi wa Ugiriki kuambiwa kwamba yuko huru kwenda atakako na kwamba Uholanzi iko tayari kumpokea. Waliokuwa wakimngoja ndani ya ndege walikuwa maofisa wa Uturuki, na safari yenyewe haikuwa ya Uholanzi. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Bülent Ecevit aliwatangazia wananchi wake kwamba mtu waliyemtafuta kwa takriban miaka ishirini yuko mikononi mwa dola, na usiku wa Ulaya ukajaa maandamano ya Wakurdi waliovamia balozi za Ugiriki na za Kenya katika miji mingi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama hadithi ya ujasusi: nani alitoa siri, nani alisikiliza simu ya nani, ndege ilitoka wapi. Magazeti ya Marekani yaliripoti siku chache baadaye kwamba idara za Marekani ziliisaidia Uturuki kumfuatilia, na Israel, iliyotuhumiwa na Wakurdi wengi, ilikana kabisa kuhusika. Ninaliacha kando eneo hilo, kwa sababu lililo muhimu zaidi lilitendeka hadharani, barabarani na ndani ya ofisi za serikali, nalo linahusu sheria. Swali ninalolifuata ni hili: Kenya ilimtoaje mtu huyu mikononi mwake, na kwa nini mahakama kubwa iliyokuja kuisikiliza kesi yake haikuwa na njia ya kuiuliza Kenya lolote?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kumjua mtu mwenyewe. Öcalan alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Ömerli, wilaya ya Halfeti, mkoa wa Urfa, kusini mashariki mwa Uturuki, katika familia ya wakulima maskini. Alipelekwa Ankara kusomea masuala ya upimaji na usajili wa ardhi, akaajiriwa katika ofisi ya ardhi ya Diyarbakır, mji ambao Wakurdi wengi wa Uturuki wanauhesabu kuwa mji wao mkuu. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Ankara kusoma sayansi ya siasa. Mwaka 1972 alikamatwa kwa kushiriki maandamano ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto, akakaa miezi kadhaa katika gereza la kijeshi la Mamak. Alipotoka hakurudia tena kazi ya ofisini. Alikusanya kikundi kidogo cha wanafunzi, Wakurdi pamoja na Waturuki wachache, na tarehe 27 Novemba 1978, katika kijiji cha Fis karibu na Lice, kikundi hicho kikajigeuza kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Kurdistani, kinachojulikana duniani kwa herufi tatu za PKK.

Wakurdi wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 25 na milioni 35, nao wametawanyika katika nchi nne hasa, yaani Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwaachia mlango wazi wa kuwa na dola yao, na mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaufunga bila hata kuwataja. Katika Jamhuri mpya ya Uturuki, kuwepo kwao kama watu wenye lugha yao kulikanwa rasmi kwa miongo mingi. Utawala wa kijeshi ulioingia kwa mapinduzi ya Septemba 1980 ulitunga mwaka 1983 sheria ambayo kwa vitendo iliizuia lugha ya Kikurdi, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1991. Mtu asiyelijua hilo hawezi kuelewa ni kwa nini vijana wa vijijini walimfuata Öcalan kwa maelfu, licha ya ukali wake.

Na ukali ulikuwepo. Tarehe 15 Agosti 1984 wapiganaji wa PKK walishambulia vituo vya serikali huko Eruh na Şemdinli, vita vikaanza rasmi, navyo vimeua watu wanaokadiriwa kuwa 40,000. PKK iliwaua walimu wa shule za serikali, na iliwaua walinzi wa vijiji, yaani Wakurdi waliopewa silaha na serikali, mara nyingine pamoja na familia zao. Katika kijiji cha Pınarcık, Juni 1987, waliuawa watu 30, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Ndani ya chama chenyewe, waliompinga Öcalan walijikuta wakiitwa wasaliti, na baadhi yao waliuawa. Upande wa pili, jeshi la Uturuki lilihamisha watu kwa nguvu na kuteketeza makazi yao. Taarifa ya kamati ya bunge la Uturuki lenyewe, ya mwaka 1998, ilihesabu zaidi ya watu 378,000 walioondolewa kutoka vijiji 905 na vitongoji 2,523.

Ninayataja haya yote kwa makusudi. Kiongozi mwenye damu ya watu wengi katika hesabu yake si mtu rahisi kumtetea, na uchambuzi huu haukuandikwa kumtetea. Hata hivyo, kinga za kisheria zinazosimama kati ya mtuhumiwa na nchi inayomtaka hazikuwekwa kwa ajili ya watu wapole. Ziliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye kila serikali ingependa amalizwe haraka.

Öcalan hakuishi Uturuki wakati wa vita hivyo. Alivuka mpaka kuingia Syria mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi, na kwa karibu miaka ishirini aliiongoza PKK kutoka Damascus na kutoka kambi za bonde la Bekaa nchini Lebanoni, chini ya ulinzi wa Rais Hafez al-Assad. Assad alimweka kwa manufaa yake mwenyewe, kwani alikuwa na ugomvi na Uturuki juu ya maji ya mto Frati na juu ya jimbo la Hatay. Mwaka 1993 Öcalan alitangaza kusitisha mapigano kwa upande wake, akiwa Lebanoni na akiwa pamoja na Jalal Talabani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraq. Rais Turgut Özal, ambaye alikuwa ameanza kulegeza msimamo, alifariki mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei wapiganaji wa PKK waliwaua askari 33 wasiokuwa na silaha huko Bingöl. Nafasi hiyo ikapotea. Ni miongoni mwa nafasi zilizopotea ambazo mtu akizisoma leo haachi kusikitika.

Septemba 1998 Uturuki iliamua kuimaliza hifadhi ya Syria kwa vitisho vya wazi vya vita. Majeshi yalisogezwa mpakani, na jenerali Atilla Ateş akahutubia Reyhanlı, hatua chache kutoka Syria, akisema uvumilivu umekwisha. Misri na Iran zikaingia kati kusuluhisha. Tarehe 9 Oktoba Öcalan aliondoka Damascus, na tarehe 20 mwezi huohuo Syria na Uturuki zikatia saini makubaliano ya Adana, ambamo Syria iliahidi kutoihifadhi tena PKK.

Kilichofuata ni miezi minne ya kubisha hodi Ulaya. Ugiriki haikumpokea, akaenda Urusi. Bunge la Urusi lilipiga kura 298 kuomba apewe hifadhi ya kisiasa, lakini serikali ya Yevgeny Primakov haikutaka. Tarehe 12 Novemba alitua Roma, akazuiliwa kwa kutumia pasipoti ya bandia, na hapo ndipo hali yake ilipokaribia zaidi kuwa suala la mahakama. Uturuki ilidai akabidhiwe. Italia ikajibu kwamba katiba yake hairuhusu kumkabidhi mtu kwa nchi itakayoweza kumhukumu kifo, na Uturuki wakati huo ilikuwa bado na adhabu hiyo katika vitabu vyake. Ujerumani ilikuwa na hati yake yenyewe ya kumkamata, na ingeweza kumwomba Italia na kumshitaki nchini mwake, lakini serikali ya Gerhard Schröder ilikataa kumwomba, kwa hofu ya fujo kati ya Waturuki na Wakurdi wanaoishi Ujerumani. Uturuki ikaanza kususia bidhaa za Italia. Waziri Mkuu Massimo D'Alema alitamani mgeni huyu aondoke mwenyewe, na tarehe 16 Januari 1999 aliondoka.

Nionavyo, uamuzi wa Ujerumani ndio uliofanya yote yaliyofuata yawezekane. Nchi yenye mahakama imara, hati halali na mtuhumiwa aliyezuiliwa katika nchi mwenzake ya Umoja wa Ulaya ilichagua kutomshitaki. Wazo lililosikika wakati huo la kuunda mahakama ya kimataifa kwa ajili ya kesi hiyo halikufika popote. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba Oktoba 1999 mahakama ya Roma ilikuja kutambua kuwa Öcalan alistahili kupewa hifadhi Italia. Alikuwa ameshahukumiwa kifo Uturuki.

Baada ya Roma alirudi Urusi, kisha akaingizwa Ugiriki kwa siri na marafiki wa harakati za Wakurdi, akapelekwa Minsk kwa matumaini ya kuunganisha safari ya Uholanzi, akakosa pa kutua, akarudishwa tena Ugiriki. Serikali ya Athens ilijikuta na mtu ambaye haikuweza kumhifadhi kwa kuogopa vita na Uturuki, wala kumtoa kwa kuwaogopa wananchi wake waliokuwa wakiwahurumia Wakurdi. Ilichagua kumpeleka mbali. Kutoka kisiwa cha Corfu alisafirishwa kwa ndege ya kukodi, akiwa na pasipoti ya Kupro yenye jina la mtu mwingine, na tarehe 2 Februari 1999 akashuka Nairobi. Balozi wa Ugiriki alimpokea uwanjani na kumweka katika makazi yake rasmi.

Ni vigumu kufikiria mji ambao ungemfaa vibaya zaidi. Miezi sita kabla, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulikuwa umelipuliwa na watu 213 kuuawa, wengi wao Wakenya waliokuwa wakipita njia au wakifanya kazi katika majengo ya jirani. Dar es Salaam ilipigwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo Nairobi ya Februari 1999 ilikuwa na wapelelezi wa Marekani waliokuwa wakishirikiana na polisi wa Kenya kila siku, na serikali ya Rais Daniel arap Moi haikuwa na hamu yoyote ya kuonekana inamhifadhi kiongozi wa kundi ambalo Marekani ilikwisha liweka katika orodha yake ya magaidi mwaka 1997. Waliomleta Öcalan huku walikuwa wakiiangalia Afrika Mashariki kama mahali pa kuficha kitu ambacho Ulaya imeshindwa kukiamua. Hilo ni kosa la kisiasa, na pia ni dharau kwa nchi iliyokuwa bado inawazika watu wake.

Mgeni huyo alikuwa na hadhi gani akiwa Nairobi? Makazi ya balozi yana kinga chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, na polisi wa Kenya hawangeweza kuyaingia bila idhini. Lakini kinga ya nyumba haimpi aliyemo haki ya hifadhi. Sheria ya kimataifa kwa ujumla haitambui hifadhi ya kidiplomasia nje ya desturi za Amerika ya Kusini, na hata huko, kesi ya mwanasiasa wa Peru, Haya de la Torre, aliyejifungia katika ubalozi wa Colombia mjini Lima kuanzia mwaka 1949, ilionyesha kwamba mtu anaweza kukaa miaka mitano ndani ya ukuta bila jibu. Kwa hiyo Öcalan alikuwa salama kwa kadiri tu Ugiriki ilivyovumilia, nayo Ugiriki ilikuwa ikimshinikiza balozi wake amtoe.

Kwa upande wa Kenya zilikuwepo njia tatu halali, zote zikiwa ndefu. Ingeweza kumkamata kwa kuingia nchini na pasipoti ya mtu mwingine na kumfikisha mbele ya hakimu. Ingeweza kuiambia Uturuki ilete maombi rasmi ya kukabidhiwa, ingawa nchi hizo mbili hazikuwa na mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa, kisha mahakama ya Kenya ikapima kama makosa yenyewe ni ya kisiasa na kama mtu huyo atakabiliwa na kifo. Au ingeweza kumsikiliza kama mwombaji hifadhi, kwani Kenya ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na wa Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, na ilikuwa imejiunga mwaka 1997 na mkataba dhidi ya mateso, unaokataza kumrudisha mtu mahali anapoweza kuteswa. Katika njia zote tatu kungekuwa na mtu mmoja aliyevaa joho akiuliza: kwa hati gani?

Badala yake kilichotendeka, kwa mujibu wa maelezo yaliyowekwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ni hiki. Mchana wa tarehe 15 Februari Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilimfahamisha balozi wa Ugiriki kwamba Öcalan anaweza kuondoka kwenda nchi aipendayo, na kwamba Uholanzi itampokea. Maofisa wa Kenya wakafika ubalozini kumchukua. Balozi alitaka amsindikize mwenyewe, kukatokea mabishano, na mwishowe Öcalan akaingia katika gari lililoendeshwa na ofisa wa Kenya. Msafara ukaondoka. Njiani, gari alilopanda likajitenga na mengine, likapita njia inayotumiwa na vyombo vya usalama peke yake katika eneo la wasafiri wanaobadilisha ndege, na kumfikisha moja kwa moja kwenye ndege ya maofisa wa Uturuki. Picha za video zilizotangazwa baadaye zinamwonyesha akiwa ametokwa na jasho, amefungwa kitambaa machoni, na watu waliofunika nyuso wakimfungua kitambaa hicho na kumkaribisha nchini kwake. Naye anajibu kwa sauti ya uchovu kwamba anaipenda nchi yake na kwamba yuko tayari kuitumikia.

Mtu akitazama mwendo wa gari lile, kutoka lango la ubalozi hadi ngazi ya ndege, ataona jinsi kila hatua ilivyobuniwa ili pasiwepo afisa wa uhamiaji wa kugonga muhuri, wala karatasi ya kutia saini. Serikali ya Kenya ilikana kuhusika na kukabidhiwa kwake. Lakini dereva hakuwa Mturuki.

Huko Athens kulikuwa na kuwajibika kwa haraka. Tarehe 18 Februari waziri wa mambo ya nje Theodoros Pangalos, pamoja na waziri wa mambo ya ndani na waziri wa usalama wa raia, waliondoka serikalini. Mjini Berlin, siku moja kabla, waandamanaji wa Kikurdi walipigwa risasi na walinzi katika ubalozi mdogo wa Israel na baadhi yao wakafa. Kenya, kwa upande wake, ilielekeza hasira yake yote kwa Ugiriki. Ilipeleka malalamiko rasmi na kudai balozi arudishwe kwao mara moja, kwa sababu Öcalan aliingizwa nchini kinyume cha sheria. Kwa Uturuki haikupeleka malalamiko yoyote.

Wakati ule ukimya huo ulionekana kuwa busara tu ya kidiplomasia. Miaka sita baadaye ukawa ushahidi.

Mawakili wa Öcalan walidai mjini Strasbourg, makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwamba kukamatwa kwake kulikuwa utekaji nyara uliovunja mamlaka ya Kenya, na kwa hiyo kizuizi chote kilichofuata hakikuwa halali. Uturuki ilijibu kwamba Kenya ilishirikiana nayo dhidi ya ugaidi. Katika hukumu ya Chumba Kikuu ya tarehe 12 Mei 2005, mahakama iliweka kipimo: ili kukamatwa kwa namna hii kuhesabiwe haramu, inapasa ithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana kwamba nchi iliyomchukua mtu ilitenda ndani ya nchi nyingine bila ridhaa yake. Mahakama ikatazama matendo ya Kenya. Ikaona kwamba haikulalamika kwa Uturuki, haikudai fidia, uhusiano wa nchi hizo haukuharibika, na malalamiko yake pekee yalikwenda kwa Ugiriki. Tena Öcalan hakuwa mgeni aliyetakiwa, na wenye nchi walikuwa wakitaka aondoke. Mahakama za Uturuki zilikuwa zimetoa hati saba za kumkamata, na Interpol ilikuwa imesambaza tangazo la kumtafuta. Kwa mkusanyiko wa hayo ikaamua kwamba kukamatwa kwake kulikuwa halali kwa kipimo cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na kwamba hata makabidhiano yasiyofuata utaratibu wa kawaida hayavunji mkataba huo kwa hayo peke yake. Iliegemea pia mfano wa Carlos, yule mtuhumiwa wa ugaidi aliyechukuliwa na Wafaransa kutoka Khartoum mwaka 1994.

Ninaiheshimu hukumu hiyo, lakini inaacha pengo ambalo watu wa Afrika Mashariki hasa wanapaswa kulitazama. Mamlaka ya nchi yametumika ndani yake kama haki ya serikali, na serikali ikiridhia, hata kwa kunyamaza, mtu binafsi hana tena la kudai kwa jambo hilo. Swali la kama Kenya ilitimiza wajibu wake kwa mtu aliyekuwa ndani ya ardhi yake halikuulizwa, kwa sababu Kenya si mwanachama wa mkataba wa Ulaya na haikuwa mbele ya mahakama hiyo. Hivyo nchi moja haikuweza kuulizwa, na nchi ya pili ikasalimika katika suala la kukamata kwa sababu ya ile ya kwanza.

Katika mambo mengine Uturuki haikusalimika. Öcalan aliwekwa peke yake katika kisiwa cha İmralı, katika bahari ya Marmara, baada ya wafungwa wengine kuhamishwa. Alikaa siku saba bila kufikishwa kwa jaji. Mawakili wake wa kwanza walimwona tarehe 25 Februari kwa muda usiozidi dakika ishirini, maofisa wa usalama wakiwa chumbani. Jalada la kesi lilikuwa na kurasa 17,000, na mawakili walilipata wiki mbili tu kabla ya kesi kuanza. Alishitakiwa mbele ya Mahakama ya Usalama wa Taifa yenye jaji mwanajeshi, ambaye alibadilishwa na raia siku chache kabla ya hukumu baada ya katiba kurekebishwa. Akiwa ndani ya kizimba cha kioo kisichopenya risasi, aliziomba radhi familia za waliouawa na kuahidi kufanya kazi ya amani, na tarehe 29 Juni 1999 akahukumiwa kifo. Strasbourg ilisema kesi hiyo haikuwa ya haki, na kwamba kumhukumu mtu kifo kupitia kesi ya namna hiyo ni kumtendea unyama. Wakati huo adhabu yenyewe ilikuwa imeshageuzwa: Uturuki, ikitafuta kuingia Umoja wa Ulaya, ilifuta adhabu ya kifo kwa wakati wa amani Agosti 2002, na Oktoba mwaka huo Öcalan akapewa kifungo cha maisha kisichokuwa na tumaini la kuachiliwa. Machi 2014 mahakama ileile ikasema kwamba kifungo kisichoweza kupitiwa tena nacho kinavunja mkataba.

Gereza halikumwondoa katika siasa, na hilo pengine ndilo jambo ambalo waliompangia safari ya Nairobi hawakulitarajia. Mwaka 1999 aliwaamuru wapiganaji wake waondoke Uturuki, nao wakatii, hadi vita viliporejea mwaka 2004. Akiwa peke yake gerezani aliachana na dai la dola ya Wakurdi, na mwaka 2005 akatangaza fikra ya jamii zinazojitawala kwa mabaraza ndani ya mipaka iliyopo. Fikra hizo zilikuja kuongoza maeneo ya Wakurdi wa kaskazini mashariki mwa Syria, kilomita mamia kutoka kisiwa chake. Machi 2013, katika sikukuu ya Newroz, yaani mwaka mpya wa Wakurdi, mjini Diyarbakır, barua yake ya kutaka silaha zinyamaze ilisomwa mbele ya umati mkubwa, na mazungumzo yaliyofuata yakavunjika mwaka 2015. Kisha, tarehe 27 Februari 2025, akaitaka PKK ijivunje yenyewe. Chama kilifanya mkutano na kutangaza tarehe 12 Mei kwamba kimemaliza kazi yake, na Julai wapiganaji 30 walitia silaha zao motoni karibu na Sulaymaniyah nchini Iraq.

Wapo watakaosema kwamba mwisho huo unahalalisha njia: kama asingekamatwa, asingefika hapo. Sikubaliani. Alikwisha tangaza kusitisha mapigano mwaka 1993 na tena Septemba 1998 akiwa huru. Kesi ya haki mjini Berlin au mjini Nairobi kwenyewe isingemzuia kusema aliyoyasema İmralı, na ingewaacha wajane wa pande zote mbili na ukweli uliopimwa mahakamani, mashahidi wakihojiwa, badala ya hukumu ambayo nusu ya watu wa eneo lile hawaiamini.

Nairobi nayo haikuishia hapo. Mei 2021 mpwa wa Fethullah Gülen, mhubiri wa Kituruki aliyepingana na serikali ya nchi yake, mpwa ambaye alikuwa na kesi ya kukabidhiwa ambayo mahakama ya Kenya ilikuwa bado haijaimaliza, alitoweka na kuibuka mikononi mwa idara ya ujasusi ya Uturuki. Juni mwaka huohuo Nnamdi Kanu, kiongozi wa harakati za kuitenga Biafra na Nigeria, alichukuliwa Nairobi na kuonekana Abuja. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi walirudishwa kwao, safari hii serikali ikikiri waziwazi na kusema imepewa ahadi kwamba watatendewa vyema. Mwezi uliofuata Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitwaliwa mjini humo na kufikishwa mahakama ya kijeshi Kampala. Visa hivi si sawa kwa uzito wala kwa watu wake, lakini umbo lao linafanana na lile la gari lililoacha msafara: mtu yuko chini ya ulinzi wa nchi asubuhi, na jioni hakuna anayeweza kuonyesha karatasi ya kuondoka kwake.

Juni 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuchukuliwa kwa Kanu kulikiuka katiba, na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 10. Jaji alipima wajibu wa Kenya kwa mtu aliyekuwa ndani ya Kenya, bila kujali anatakiwa na nani. Kwa Öcalan, hakuna jaji wa Kenya aliyepewa nafasi ya kuupima wajibu huo kabla ndege haijaruka.